Kwa nini maneno kwenye viputo vya Little Nemo yamebanana vile, ilhali mchoro wenyewe ni safi hivyo?

#1 WinoMweusi
Wakuu salaam. Swali kwa wajuzi wa katuni za kale.

Chukua ukurasa wowote wa Little Nemo in Slumberland, ile ya Winsor McCay iliyoanza katika New York Herald Jumapili ya 15 Oktoba 1905. Nguzo zimesimama wima, ngazi zinapungua hatua kwa hatua hadi zinapotelea mbali, sakafu ya vigae haijakosea hata kigae kimoja. Halafu tazama viputo vya maneno wanayosema wahusika. Herufi zinakanyagana, mstari wa mwisho unapanda ukingoni, neno limekatwa mahali lisipokatika. Kiputo kimoja kimeshindiliwa kama gunia la mkaa, jirani yake ana neno moja na uwanja wa kuchezea mpira.

Na huyu bwana kabla ya magazeti alichora mabango ya jumba la maonyesho la kiingilio cha senti kumi kule Cincinnati. Kazi ya mabango ni herufi. Sasa ilikuwaje?

#2 KitiChaMbele
Nimeshavuta kiti. Wajuzi waje.

#3 FundiZinki
Mkuu, kabla ya kumlaumu mchoraji, fuata safari ya herufi kutoka kalamuni hadi gazetini.

McCay alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nene, kubwa kuliko gazeti. Mchoro halisi una urefu wa kama sentimita 71 kwa upana wa 56, na ukurasa wa Herald ni kama 53 kwa 40. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kamera kuupunguza hadi karibu robo tatu. Herufi ya milimita nne inakuwa ya tatu.

Hatua ya pili, picha hiyo inahamishiwa kwenye bamba la zinki na kuliwa na asidi ya naitriki. Asidi haichimbi kwenda chini tu, inatafuna pia ubavuni, kwa hiyo mstari unaweza kukatika kiunoni. Fundi anauzuia kwa kupaka brashi unga wa utomvu mwekundu wa mitende fulani ya Sumatra na Borneo, anaupiga kutoka pande nne, anaupasha moto ushike ubavu wa mstari, kisha bamba linarudi kwenye asidi. Anarudia mara tatu au nne. Tatizo ni kwamba tumbo la herufi ndogo kama a na e ni dogo mno. Unga ukishakaa pande zote humo ndani, asidi haipati pa kuchimba. Tundu linabaki na kina kifupi, wino unalijaza, na e inageuka doa.

Hatua ya tatu ni kalibu. Bamba halikuingia moja kwa moja kwenye mtambo. Lilikandamizwa kwenye karatasi zilizogandishwa pamoja zikiwa na unyevu, zikakaushwa kwa joto, kisha ndani ya kalibu hiyo likasubiwa bamba lililopinda la risasi, antimoni na bati, la kufunga kwenye silinda. Kila hatua inakula kidogo. Ukifika kwenye karatasi ya gazeti inayofyonza wino kama mkate kwenye mchuzi, usishangae.

#4 MamaUkingo
#3 darasa zuri, ila halijibu swali. Asidi inaweza kuziba e, haiwezi kulisukuma neno hadi ukingoni mwa kiputo. Michoro halisi iliyosalia, ile ya wino ambayo haikugusa zinki, ina msongamano uleule. Na mafundi haohao wa Herald ndio waliochapa wachoraji wengine waliosomeka vizuri. Idara yao ya rangi ilihesabika kuwa bora kuliko ya gazeti lolote wakati ule.

Kosa lilitoka mezani, halikutoka kiwandani.

#5 FundiZinki
Nakubali nusu. Kiwanda hakikubananisha, lakini kilizidisha. Kilichosomeka kwa shida kwenye karatasi kikawa hakisomeki gazetini.

#6 Nusu_Nuru
Jibu ni haraka tu. Hesabuni kazi za huyu mtu mwaka 1905 na 1906: Nemo ukurasa mzima wa rangi kila wiki, Little Sammy Sneeze, ile ya mtoto wa chafya, kila wiki, Dream of the Rarebit Fiend kwenye Evening Telegram mara kadhaa kwa wiki, na nyingine pembeni. Juni 1906 akaongeza jukwaa: anasimama mbele ya watu na chaki, anachora michoro 25 kwa dakika 15 huku bendi ikipiga, kwa dola 500 kwa wiki. Mtu wa namna hiyo hapimi kiputo. Anachora picha kwa mapenzi, maneno anayatupia mwishoni kabla kijana wa ofisi hajaja kuchukua karatasi.

#7 MamaUkingo
Haraka ingeonekana kwenye ngazi na nguzo pia. Mbona huko haionekani?

#8 Nusu_Nuru
Kwa sababu huko ndiko alikopeleka muda aliokuwa nao, dada. Ndicho ninachosema.

#9 KalamuYaMwanzi
Wote mnazunguka mbuyu. Angalieni mpangilio wa kazi. Ukitaka kiputo kikae vizuri unafanya hivi: unaandika maneno kwanza kwa penseli kati ya mistari ya kuongozea, ndipo unazungushia kiputo, ndipo unachora watu kwenye nafasi iliyobaki. McCay inaonekana alifanya kinyume. Picha kwanza, halafu akazungusha kiputo penye uwazi, halafu akayajaza maneno ndani bila kuyahesabu. Ushahidi ni kwamba mstari wa kwanza wa kiputo chake mara nyingi una nafasi ya kutosha, wa pili wa wastani, wa mwisho umekonda na herufi zimeinama. Huyo ni mtu aliyegundua katikati ya safari kuwa nauli haitoshi.

Tena fremu ya mwisho ndiyo mbaya zaidi. Ni ndogo, imebanwa kona ya chini kulia, na humo anataka Nemo aliyeanguka kitandani, shuka, mto, wakati mwingine mzazi mlangoni, na maelezo ya alikula nini jioni. Wapi pa kuweka?

#10 Kinara_wa_Kona
Hoja ya mabango haijajibiwa. Mimi nasema mabango ndiyo yaliyomharibu. Bango la maonyesho lina maneno matano, brashi ya inchi mbili, na msomaji amesimama ng'ambo ya barabara. Herufi ndogo ya kalamu ni ufundi mwingine kabisa. Tazama kichwa cha habari cha Nemo: herufi zimepambwa, zina kivuli, zimekaa kama jengo. Tazama chafya za Sammy Sneeze, herufi zinakua kubwa fremu kwa fremu hadi zinalipuka. Tarehe 24 Septemba 1905 chafya ikavunja hata mistari ya fremu, vipande vikamwangukia mwenyewe. Herufi ikiwa kubwa na ikiwa sehemu ya picha, hana mpinzani. Ikiwa ndogo na kazi yake ni kusema tu, hamu inamwisha.

#11 WinoMweusi
#10 hapo umenigusa. Kwa hiyo si kwamba hakuweza?

#12 Kinara_wa_Kona
Hakujali. Kuna tofauti.

#13 DebeTupu
Samahani wakuu, ninyi mnajuana. Huyo Nemo ni nani hasa? Ni kama Juha Kalulu wa Taifa Leo?

#14 Nusu_Nuru
Hapana mkuu. Juha Kalulu ni mtu mzima wa vituko, fremu chache mnacheka mnapita. Nemo ni mtoto wa kiume wa New York, amevaa nguo ya kulalia, na kila Jumapili analala na kuota ukurasa mzima. Mfalme Morpheus wa Slumberland anamtaka aje awe mwenzi wa kucheza wa binti yake. Toleo la kwanza anatumiwa farasi mdogo aitwaye Somnus. Anaambiwa aende taratibu, anashindana mbio na wanyama wengine angani kati ya nyota, anadondoka, anaamka sakafuni. Na kila wiki inakwisha vivyo hivyo, kitandani au chini ya kitanda.

#15 KalamuYaMwanzi
Ongeza kwamba ni mfululizo. Wengi hudhani kila ndoto inajitegemea. Nemo anaamka, wiki inayofuata anaendelea pale alipoishia. Lango la Slumberland alilifikia 4 Machi 1906, na Binti Mfalme akaja kuonana naye Julai. Miezi minne ya kusubiri mlangoni! Sababu ni Flip, yule mwenye uso wa kijani na sigara kubwa mdomoni, kofia yake imeandikwa amri ya kuamka. Mjomba wake ni mlinzi wa Alfajiri. Flip akichukia, anamwita mjomba, jua linachomoza, ndoto imekwisha.

#16 Mpiga_Chapa_Mstaafu
Somnus ni mungu wa usingizi wa Warumi. McCay akamfanya farasi, halafu Morpheus, ambaye ni wa ndoto, akampa ufalme wa usingizi. Mzee wa watu kashushwa cheo hadi kubeba mizigo.

#17 DebeTupu
Asanteni. Na jina Nemo ni la yule nahodha wa nyambizi?

#18 MamaUkingo
Ni Kilatini, maana yake "hakuna mtu". Nahodha wa Jules Verne alilitoa kwenye chemchemi hiyohiyo zaidi ya miaka 30 kabla. Kama McCay alimfikiria nahodha au la, watu wanabishana. Kinachojulikana ni kwamba sura ya mtoto aliichukua kwa mwanawe Robert.

#19 Kinara_wa_Kona
Kuna wanaosema pia ukilisoma Nemo kinyume unapata neno la Kiingereza omen, yaani ndege mbaya au dalili. Hii ya mwisho ni ya watu wenye muda mwingi.

#20 Nusu_Nuru
Tukimtafsiri, Nemo awe "Simtu". Na Slumberland "Nchi ya Usingizi" inanuka kamusi.

#21 KitiChaMbele
"Nchi ya Lepe". Mfalme wa Lepe amekuita, na wewe hujapata hata lepe moja.

#22 MamaUkingo
#21 umerudisha gharama za uzi. Lepe ni usingizi mdogo unaoibiwa, na Nemo ndivyo alivyo, halali akashiba.

#23 Mwana_wa_Mrima
Kabla hatujamtafsiri na kumsherehekea, tuseme lililopo. Impie. Kuanzia 1907 wanaandamana naye: mtoto mweusi, midomo imechorwa kama duara la rangi, sketi ya majani, lugha yake ni kelele zisizo na maana. Nemo anachorwa kama mtoto, Impie anachorwa kama kikaragosi. Tena si bahati mbaya ya wiki moja. Mwaka 1903 huyuhuyu McCay alikuwa na A Tale of the Jungle Imps kwenye Cincinnati Enquirer, matoleo 43, yote yamejengwa juu ya "vijitu vya msituni" wanaochokoza wanyama hadi mnyama anaota pembe au shingo ndefu ya kujikinga. Alitoka nao Cincinnati akaja nao New York.

#24 Nusu_Nuru
Ndiyo desturi ya wachoraji wote wa Marekani wakati ule, mkuu. Haimaanishi ni sawa, ila hakuanzisha yeye.

#25 Mwana_wa_Mrima
Sijasema alianzisha. Nasema mtu anayeweza kuchora ngazi mia kwa mtazamo sahihi hakushindwa kuchora uso. Na hii inarudi kwenye swali la #1: Impie anapewa kiputo kilichojaa herufi zisizo neno. Hivyo navyo vimebanana. Angalieni, aliye na maneno na asiye na maneno wote wamepewa kiputo kilekile.

#26 WinoMweusi
Hilo sikuwa nimeliona. Asante.

#27 Lugha_ya_Picha
Mimi nina maelezo tofauti na ya wote. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na maelezo marefu chini ya kila fremu, na fremu zilipewa namba ili msomaji asipotee. Msimulizi anakueleza kila kitu: Nemo alifanya hivi, akaona vile. Viputo vilikuwa nyongeza, mwangwi wa yaliyoandikwa chini. Baada ya miezi kadhaa maelezo yakaondolewa, na mzigo wote wa habari ukahamia kwenye viputo, ila ukubwa wa viputo haukubadilika. Ndiyo maana watu wanajisemea "Lo! Naanguka! Nitaanguka! Sijui nitaangukia wapi!" wakati picha inaonyesha wazi wanaanguka. Ni msimulizi aliyehama nyumba na kuingia na fanicha zake zote.

#28 KalamuYaMwanzi
Hii naipenda, ila ina kasoro. Kama ni hivyo, matoleo ya mwanzo kabisa yenye maelezo chini yangekuwa na viputo vyepesi. Toleo la pili, la 22 Oktoba 1905, lile la msitu wa uyoga mrefu: viputo humo tayari vimejaa.

#29 Lugha_ya_Picha
Vimejaa, lakini ni vichache. Na ukurasa huo una sababu yake. Fremu zinarefuka kadiri uyoga unavyorefuka, kisha uyoga unapomporomokea zinafupika. Mpangilio wa fremu ndio unaosimulia. Kiputo kimepewa kilichobaki.

#30 Kinara_wa_Kona
Mbinu hiyohiyo ndiyo kitanda cha 26 Julai 1908. Miguu ya kitanda inarefuka, fremu zinarefuka nayo, kitanda kinatembea juu ya mapaa ya mji hadi kinajikwaa kwenye mnara wa kanisa. Kwa wapenda tarehe: McCay alifariki 26 Julai 1934.

#31 Mpiga_Chapa_Mstaafu
Kuzaliwa je? Maana vitabu vingine vinasema 1871.

#32 MamaUkingo
Chagua unayoitaka. Yeye alisema 1871, Spring Lake, Michigan. Jiwe la kaburi lina 1869. Sensa inamweka 1867, tena Kanada. Jina Zenas Winsor alipewa kwa heshima ya mwajiri wa baba yake, na hilo angalau halina ubishi.

#33 DebeTupu
Mtu anakufa na tarehe tatu za kuzaliwa. Huyu angefaulu vizuri kwetu kwenye vyeti.

#34 NdotoFupi
Nadharia yangu, mnicheke mkitaka: amebananisha kwa makusudi. Ndotoni maneno hayasomeki. Unajua mtu amesema jambo, ukitaka kulisoma linakuponyoka.

#35 MamaUkingo
Tunakucheka. Kwenye Rarebit Fiend ni hivyohivyo, na kwenye katuni zake zisizo za ndoto ni hivyohivyo. Ameota hadi kwenye chafya?

#36 NdotoFupi
Nimekubali kichapo. Ila Rarebit Fiend nayo ni ndoto, ushahidi wako mmoja umeanguka.

#37 Nusu_Nuru
Rarebit Fiend alitia sahihi "Silas", kwa kuwa mhariri hakutaka jina la mchoraji wa Herald lionekane kwenye gazeti dada. Hiyo ya watu wazima: wanakula jibini iliyoyeyushwa juu ya mkate usiku, wanaota mabaya. Nemo naye anaponzwa na tumbo. Toleo la sikukuu ya bata mzinga, Novemba 1905, bata mzinga mkubwa ameinyakua nyumba nzima kwa mdomo ndani ya fremu ya duara katikati ya ukurasa.

#38 Msoma_Skani
Narudi kwenye kusomeka. Wengi wenu mnatazama nakala mbaya ndipo mnahukumu. Mambo matatu yanaharibu herufi za Nemo leo.

Kwanza, mwaka 1947 mwanawe Robert na mwenzake walijaribu kuirudisha katuni sokoni. Kurasa za magazeti zilikuwa zimepungua ukubwa, kwa hiyo michoro halisi ikakatwakatwa na kubandikwa upya itoshee. Kama picha yako ina fremu ambazo hazikutani vizuri, chanzo chake huenda ni humo.

Pili, mikrofilamu. Maktaba nyingi zilipiga picha za magazeti kwa nyeusi na nyeupe, kisha zikatupa karatasi. Njano ikawa nyeupe, nyekundu ikawa nyeusi, kiputo chenye rangi kikameza maneno yake. Kurasa za rangi zimebaki kwa wingi kwa sababu ya watu kama Bill Blackbeard wa San Francisco, aliyekusanya magazeti yaliyokuwa yanatupwa. Mkusanyo wake ulipohamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ulijaza malori sita marefu.

Tatu, wewe mwenyewe unayeskani. Tumia nukta 600 kwa inchi, usiwashe kichujio cha kuondoa vidoti vya rangi, maana kinalainisha vidoti pamoja na herufi. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, la sivyo maandishi ya upande wa pili yatapenya. Usifanye karatasi kuwa nyeupe pe. Karatasi ya gazeti imetokana na mbao, lignini na asidi ndani yake huigeuza kahawia, na ukilazimisha weupe unafuta njano hafifu ya anga pamoja nayo.

#39 FundiZinki
Vidoti umevitaja, visipite hivihivi. Ni mfumo wa Ben Day, hataza ya 1879. Fundi ana utando mwembamba wa jelatini ulionyooshwa kwenye fremu ya mbao, na upande wa chini una nukta zilizoinuka. Rangi moja bamba moja: njano, nyekundu, bluu, na nyeusi ya mistari. Bamba la nyeusi linaachia alama hafifu kwenye mabamba mengine matatu ili fundi ajue mipaka. Tuseme anataka anga ya bluu hafifu. Anapaka gundi ya maji kila mahali pasipotakiwa nukta, anapaka wino kwenye utando kwa rola, anaulaza juu ya bamba, anasugua kwa mkono, nukta zinashika zinki. Anaosha kwa maji, gundi inatoka na nukta zilizoikalia. Zamu inayofuata, rangi nzito kidogo, gundi upya, utando mwingine. Ukurasa wenye mawingu ya zambarau, kanzu za dhahabu na sakafu ya vigae ni zamu nyingi mno. McCay alikuwa anaandika maelekezo ya rangi kwenye ukurasa sehemu kwa sehemu, na wale jamaa wakayafuata.

Kinachokosewa zaidi ni rangi kuhama. Ile kalibu ya karatasi niliyoitaja #3 inasinyaa inapokauka, na kalibu nne hazisinyai sawasawa. Tofauti ya milimita moja inatosha. Mashavu ya Nemo yanatoka nje ya uso.

#40 KitiChaMbele
Na Flip? Kijani si njano juu yake bluu?

#41 FundiZinki
Hasa. Bluu ikihama, Flip anakuwa na uso wa njano wenye ukingo wa kijani upande mmoja.

#42 KitiChaMbele
Homa ya manjano. Dr. Pill, yule daktari wa Slumberland, aitwe.

#43 Mpiga_Chapa_Mstaafu
Mwenye kutaka kumwona Flip akisogea, filamu ya McCay mwenyewe ya 1911 ipo mtandaoni bure, haki zimeshakwisha. Michoro 4,000 kwa wino kwenye karatasi ya mchele, na fremu zikapakwa rangi kwa mkono. Kwa kasi ya picha 16 kwa sekunde, 4,000 ni dakika nne na sekunde kumi hivi.

#44 Nusu_Nuru
Alizichora kwa mwezi mmoja, jamani. Mwezi!

#45 Mpiga_Chapa_Mstaafu
Taratibu. Huo mwezi ni mchezo wa ndani ya filamu: anawekeana dau na marafiki mezani, mapipa ya wino yanabebwa. Usiinukuu kama hesabu ya kazini. Ufundi wenyewe ni alama za msalaba kwenye kona za karatasi, kila mchoro mpya unalazwa juu ya uliotangulia kwa kufuata alama hizo. Karatasi ya mchele inapitisha mwanga, mstari wa chini unaonekana. Ukikosea alama, mtu anatetemeka kama mwenye baridi. Kisha anabandika kwenye kadi ngumu na kuzijaribu kwa kifaa cha kuzungusha kabla ya kwenda kwa J. Stuart Blackton wa Vitagraph kupigwa picha moja moja.

#46 Kinara_wa_Kona
Na juu ya kichwa cha Flip kuna maneno ya kumwambia mtazamaji amtazame akisogea. Maneno matatu ya Kiingereza. Yamekaa vizuri, yana nafasi, hayagusi chochote.

#47 WinoMweusi
Ha! Kwa hiyo aliweza.

#48 Nusu_Nuru
Maneno matatu hata mimi naweza.

#49 Lugha_ya_Picha
Msisahau toleo la 1 Desemba 1907. Wana njaa, Nemo, Flip na Impie. Wanang'oa mistari ya fremu na kuanza kula herufi za kichwa cha habari hapo juu. Wamekula herufi za kichwa, zile nzuri. Za viputo hawakuzigusa.

#50 MamaUkingo
Hata wenye njaa wana staha.

#51 KalamuYaMwanzi
Sijashawishika na nadharia yoyote isipokuwa yangu, na yangu ina tundu. Nimesema alichora kiputo kabla ya kuhesabu maneno. Sawa. Lakini mtu aliyechora kila wiki tangu 1905 hadi Julai 1911 kwa Herald, akahamia kwa Hearst, tajiri wa magazeti, Septemba ya mwaka huohuo chini ya jina jingine, akairudisha tena 1924, mbona hakujifunza? Ukitazama kurasa za 1924, fremu zimenyooka kuwa za ukubwa mmoja, mchoro umetulia, viputo ni vilevile.

#52 Kinara_wa_Kona
Soma #12.

#53 FundiZinki
Au #3. Mtu ambaye kazi yake inarudi kutoka kiwandani na e zimezibwa kila wiki, atajisumbua na nafasi kati ya herufi ya nini?

#54 MamaUkingo
Haya, tumeanza upya.

#55 DebeTupu
Wakuu, hiyo haki kwisha inahusu rangi pia, au michoro tu? Nataka kuchapa ule wa kitanda kwenye karatasi kubwa.

#56 Msoma_Skani
Kwa Marekani ukurasa wa 1908 ni huru wote, rangi na wino. Ukichukua skani iliyokarabatiwa na mchapishaji wa leo angalia masharti yake kwanza. Na chapa kwa ukubwa wake, sentimita 53 kwa 40. Ukipunguza hadi A4 utarudi hapa kutuuliza viputo vimeandikwa nini.